Malipo kwa Awamu: Uzito wa Istilahi Mahakamani

"Lipa mdogo mdogo" ni maneno yaliyozoeleka katika maduka ya simu na pikipiki nchini Kenya. Mahakamani jambo hilo huitwa malipo kwa awamu. Wapo wanaosema "mafungu", lakini fungu ni sehemu tu ya kitu kilichogawanywa. Awamu ni zamu, na zamu ina wakati wake. Ndiyo maana istilahi hii inafaa hukumu: inadai kiasi, tarehe, na hatua itakayofuata tarehe ikipita bure.

Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iyaamue ndani ya siku 60. Mwamuzi hafungwi na ukali wa kanuni za ushahidi, kwa hiyo taarifa ya M-Pesa au ujumbe wa simu unaweza kumsaidia mwenye kesi.

Mara nyingi mdaiwa hakani deni. Kinachobishaniwa ni namna ya kulilipa. Chukua seremala anayedaiwa mbao za shilingi 84,000. Akisema "nitajitahidi", mwamuzi hana cha kuandika. Aje na karatasi yenye mapato ya mwezi upande mmoja, na upande wa pili kodi, karo, unga na nauli. Kikibaki 8,500, apendekeze 7,000 kila tarehe 5 kwa miezi 12. Asiahidi kilichobaki chote, maana mwezi mbovu haukosi.

Awamu si haki ya mdaiwa. Kanuni za kesi za madai huruhusu mahakama kuziamuru, pamoja na riba au bila riba, ikiwapo sababu ya kutosha. Muuza mbao naye anaweza kupinga kwa hoja kwamba mwaka ni mrefu mno, au akadai malipo ya kwanza yawe makubwa.

Wakiafikiana, maafikiano huandikwa na kufanywa amri ya mahakama. Hapo sharti la kusomwa kwa makini ni la kukosa awamu: kwa kawaida, ikirukwa moja, baki lote hudaiwa papo hapo na dalali anaweza kutumwa. Seremala aombe siku kadhaa za ziada zitajwe humo kabla hajatia saini.