Garamba: kifaru tuliyemukatalia Kenya

Wandugu, ukitaja Garamba hapa Shari, swali la kwanza ni moja tu: kule kuko usalama? Ni kawaida. Kizazi chetu kilisikia jina la Garamba pamoja na jina la LRA. Lakini ile pori ina historia kubwa kuliko vita, na ndani yake kuko swali lenye linatugusa sisi watu wa masomo: kitu kinakuwa “yetu” namna gani?

Garamba iko kaskazini kwetu, katika Haut-Uélé, kwenye mpaka wa Sudani Kusini. Mpaka mwaka 2015 tulikuwa wote provinsi moja, Orientale. Wabelgiji waliifanya kuwa parke mwaka 1938, juu ya kulinda zaidi sana kifaru mweupe wa kaskazini na twiga. Mbele ya pale, Gangala na Bodio ilikuwa tayari na jina: kule njo walifundisha tembo wa Afrika kubeba na kuvuta mizigo, na vijana wa Kizande njo waliwapanda na kuwaongoza. Kisha sheria ya parke ikaja: hakuna kuwinda, hakuna kulima, hakuna kujenga.

Nilitembea kule kwa miguu wakati wa jua, pembeni ya mto Dungu, nyuma ya mlinzi mwenye bunduki. Viboko walikuwa wanapumua ndani ya maji. Macho yangu ya agronomi yalibaki kwa majani. Wakati wa mvua yanapita kichwa cha mtu. Wakati wa jua yanaungua, na mwezi haujaisha yanachipuka tena, laini, na nyama wanakuja kula. Kifaru mweupe ana mdomo mpana, anakata majani chini kabisa sawa mashine. Pale amepita, nyama wadogo wanapata chakula, na moto unakosa nguvu. Kwa hiyo, kifaru akipotea, haipotei nyama mmoja tu. Pori yote inabadilika.

Na alipotea. Mbele ya uasi wa Simba, vifaru walikuwa zaidi ya 1 000 mule Garamba. Mwaka 1984 walibakia 15 hivi. Walinzi na wataalamu walifanya kazi ngumu, na mwaka 2003 walifika karibu 30, hata kama vita mbili zilipita juu yao. Kisha wawindaji wakatoka Sudani na farasi na punda, wakiwa na bunduki za vita. Ndani ya miaka miwili hivi, karibu wote wakaisha.

Mwanzo wa 2005, kukatoka mpango: watano wabebwe na ndege mpaka Kenya, wakingojea amani. Watu wakakataa, kule kwenye parke na hata Kinshasa. Wakasema: hii ni mali ya Kongo, haitoki. Mpango ukavunjika. Mwaka 2006 walionekana wanne. Kisha pale, basi.

Ni rahisi kuwacheka wale wenye walikataa. Mimi siwezi. Sisi wa Ituri tunajua dhahabu ya Kilo-Moto ilienda wapi. Mtu mwenye ameona miaka mingi vitu vinapakiwa na havirudi, utamwambia nini ili aamini kwamba kifaru atarudi? Lakini tuseme ukweli mzima: kusema “ni yetu” hakukuzuia risasi hata moja. Mwezi wa kwanza 2006, askari 8 wa Guatemala wa Umoja wa Mataifa waliuawa mule mule. Tarehe 2 Januari 2009, LRA walishambulia Nagero, makao makuu ya parke. Watu walikufa, majengo yaliungua. Walinzi wamelipa deni la neno “yetu” kwa damu.

Kenya nako, Sudan, dume wa mwisho wa aina hiyo, alikufa mwezi wa tatu 2018. Binti yake Najin na mjukuu wake Fatu njo wamebaki duniani kote. Garamba, mwezi wa sita 2023, ilipokea vifaru weupe 16 toka Afrika ya Kusini. Siyo wale wetu, ni ndugu zao wa kusini. Lakini mdomo ni ule ule, na majani yatakatwa tena.

Mimi naona hivi: kitu kinakuwa yetu siku tunakifanyia kazi, siyo siku tunakikatalia wengine. Toka 2005, African Parks na ICCN wanachunga Garamba pamoja, lakini bunduki peke yake haitoshi. Mkulima mwenye tembo amekula muhogo wake anahitaji jibu. Mama mwenye kutafuta kuni anahitaji miti karibu na nyumba. Hayo ni maswali ya agronomi, ya sheria, ya uchumi.

Kwa hiyo ninyi wenye kutafuta somo la kazi ya mwisho mwaka huu, na mnarudilia mahindi na maharagi ya Bunia kila mara: fikirini majani ya Garamba, au mashamba ya pembeni ya parke kule Faradje na Dungu. Ulizeni kwanza hali ya njia. Kisha muandike.