Malupango ya Kisangani na wenyewe

Mwaka 1952, Kisangani ikiitwa Stanleyville, serikali ya Wabelgiji iliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, OCA, ijenge nyumba na kuwauzia Waafrika kwa malipo ya kidogo kidogo. Kabla ya hapo, mkazi wa Belge I, Belge II au Bruxelles alisimamisha nyumba ya miti na udongo juu ya ardhi isiyo yake. Miaka hiyo hiyo mtafiti Valdo Pons aliichunguza Avenyu 21, na kitabu chake cha 1969 kuhusu Stanleyville kinaonyesha watu wa makabila mengi wakiishi mlango kwa mlango na kuzoeana wenyewe kwa wenyewe. OCA, pamoja na ubaguzi wote wa utawala ule, ilifuata utaratibu ambao mitaa yetu mipya imeupoteza: ramani na njia vilitangulia nyumba.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya taifa. Mwananchi hupewa haki ya kudumu ya kuitumia, na kinga yake ni cheti cha uandikishaji. Tangu hapo mji umepanuka kipande kwa kipande: uwanda wa Boyoma, barabara ya uwanja wa ndege wa Bangboka, njia ya Buta, njia ya Ituri. Ingawa ardhi ni ya taifa, mzee wa ukoo anauza, mpimaji anaweka vigingi, shefu wa mtaa anatia muhuri, na wanunuzi wengi huishia hapo kwa sababu gharama za cheti zinawashinda. Lupango moja, yaani kiwanja kimoja, linaweza kuuzwa mara mbili. Ndiyo maana kuta nyingi zimeandikwa kwa rangi, herufi kubwa, kwamba lupango hili haliuzwi.

Vita navyo vilipita humo. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji, mabomu yakiangukia nyumba za raia. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 40 ni za mali iliyoharibiwa, si Kisangani peke yake. Aliyebomolewa alikuwa ameanza upya zamani, kwa matofali ya kuchoma yaliyoletwa na toleka, baiskeli moja baada ya nyingine.

Mtaa ukishajaa kidogo, kamati ya avenyu huzaliwa. Kinachoizaa mara nyingi ni umeme: laini ya Snel, shirika la umeme la taifa, iko mbali, kabine iliyopo imelemewa, basi wenye malupango wanachangishana nyaya na nguzo. Daftari la mhazini lina safu nne: jina, namba ya lupango, kiasi, sahihi. Kurasa za mwanzo zimejaa. Za katikati zina mapengo. Mwenye lupango yuko Kinshasa, na msingi wake umefunikwa na majani. Mpangaji anasema deni si lake. Mwingine hachangi, lakini siku umeme ukiwaka anajiunganisha kwenye laini usiku.

Wengi husema kamati hufa kwa sababu watu ni wakaidi. Sikubaliani nao. Wazee wanakumbuka salongo ya enzi za Mobutu, kazi ya lazima iliyosimamiwa kutoka juu, na kila mwito wa kufanya pamoja unawarudishia shuruti ile. Tena, kwa sheria ya vyama ya tarehe 20 Julai 2001, hadhi ya kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria, Kinshasa. Kamati ya avenyu moja itaifuata wapi? Basi nyaya za watu wote zinanunuliwa kwa jina la mtu mmoja. Akihama au akifa, ugomvi unaanza. Na mvua ya Kisangani, ambayo haijui likizo ndefu, inachimba njia isiyo na mfereji mpaka inafika kwenye ukuta wa yule aliyelipa kila kitu.

Viongozi wa mji na jimbo, msiruhusu fungu lingine la viwanja liuzwe kabla mifereji na njia havijatengenezwa, na zipeni kamati za avenyu namna ya kuandikishwa hapa hapa jimboni Tshopo. Nawe unayetaka kununua, nenda kautembelee mtaa siku ya mvua, ulizia ramani ya Kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi, kisha mwombe mhazini akuonyeshe daftari kabla hujatoa hata faranga moja.