PRESHA HAISHUKI HATA KWA DAWA? HUENDA NI HOMONI: VIPIMO VYAKE HIVI HAPA

Leo tuache siasa na mpira kidogo. Huku kwetu Buswahili mzee akipata presha tunasema mawazo. Akipata kijana wa miaka 25 tunasema karogwa. Mimi si daktari, nimeishia form four, ila nimeisoma sana hii mada baada ya kuona ndugu yangu anaongezewa vidonge kila akienda kliniki na presha iko palepale.

Chanzo kiko wapi?
Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inaitwa adrenali. Moja ya homoni zake, aldosteroni, inaiambia figo ibakize chumvi na itoe potasiamu. Ikizidi, chumvi na maji vinajaa, presha inapanda. Daktari Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1955. Zamani walidhani ni wa nadra. Siku hizi inakadiriwa kwamba katika watu 100 wenye presha, 5 hadi 10 wanao, na unaumiza moyo, figo na ubongo kuliko presha ya kawaida.

Nani apime?
- Anayemeza dawa 3 za presha, ikiwemo ya kukojoza, na haishuki.
- Aliyeanza presha akiwa kijana.
- Mwenye potasiamu ndogo, misuli inalegea au kukaza.
- Mwenye ndugu aliyepata kiharusi kabla ya miaka 40.
Mwaka 2025 chama cha madaktari wa homoni cha Marekani kilikwenda mbali zaidi, kikapendekeza kila mwenye presha apimwe.

Kipimo cha kwanza
Ni damu: aldosteroni na renini kwa pamoja. Aldosteroni ikiwa juu na renini chini, hapo kuna jambo. Unapimwa asubuhi, ukiwa umeamka angalau saa 2 zilizopita, na unakaa kitini dakika 5 hadi 15 kabla ya kutolewa damu. Usijinyime chumvi kabla ya kipimo, na potasiamu ikiwa ndogo irekebishwe kwanza. Halafu msidanganyike: wagonjwa wengi potasiamu yao ni ya kawaida kabisa.

Dawa zinavuruga majibu. Atenolo inashusha renini, losatani na dawa za kukojoza zinaipandisha, spironolaktoni ndiyo balaa zaidi. Lakini USIACHE dawa kwa kichwa chako, unaweza kupata kiharusi. Daktari ndiye anaamua.

Jingine la kwetu sisi wa mbali: damu ya renini haiwekwi kwenye barafu ikiwa bado nzima. Baridi inaipandisha renini kwa uongo na ugonjwa unajificha. Maabara itenganishe plazma kwanza, ndipo igandishe haraka na kusafirisha.

Majibu yakitia shaka?
Unaweza kuwekewa dripu ya maji ya chumvi lita 2 kwa saa 4 hospitalini. Kwa mtu mzima aldosteroni inashuka, kwa mgonjwa inagoma. Halafu CT-skani, na kabla ya upasuaji mara nyingi damu inachukuliwa kwenye mshipa wa kila tezi kujua ipi mkorofi. Ikiwa moja, inatolewa. Zikiwa zote mbili, unatumia spironolaktoni.

Ndugu zake wawili
Kwanza, uvimbe unaomwaga adrenalini: kichwa kinapasuka, jasho linatiririka, moyo unadunda, halafu vinapotea. Watu wanasema mashetani! Kipimo ni metanefrini, kwa damu ukiwa umelala au mkojo wa saa 24. Uvimbe huu usichomwe sindano wala kupasuliwa bila maandalizi, presha inaweza kuruka na kuua.

Pili, kotisoli kuzidi: uso unakuwa duara, tumbo linakua, mikono inasinyaa. Unameza deksamethasoni miligramu 1 saa 5 usiku, unapimwa damu saa 2 asubuhi. Kotisoli inatakiwa iwe chini ya 50. Vidonge vya uzazi wa mpango vinachanganya majibu, sema ukweli. Na dada zangu mnaomeza deksa ili mnenepe, mnajitengenezea ugonjwa huohuo.

Uanzie wapi?
Anza hospitali ya wilaya: presha ipimwe vizuri, potasiamu na figo vipimwe. Kisha omba rufaa Kwangwa pale Musoma, au Bugando, Mwanza. Uliza mapema kama kipimo kinafanyika hapohapo au sampuli inasafirishwa, na bei gani, usije ukala nauli bure.

Utafiti wa Nigeria, Kenya na Afrika Kusini uliotoka mwaka 2017 ulionyesha wagonjwa wa presha sugu waliochaguliwa dawa kwa kuangalia renini na aldosteroni presha yao ilitulia kuliko wa matibabu ya kawaida. Kwa hiyo si mambo ya Wazungu tu.

Kama nyumbani kuna mzee mwenye mfuko wa vidonge na presha haisikii, leo mpelekee swali moja la kumuuliza daktari: "Je, homoni tumeshapima?" Haya, aliyewahi kupima atuambie hapo chini ilikuwaje. Matusi hapana.