Mkunga au Daktari? Swali la Bi Harusi Wetu na Wanawake wa Vienna



Bi harusi mmoja tuliyemshonea gauni la nikahi mwaka jana alirudi dukani hivi karibuni, safari hii anataka dera la mimba. Tulipokuwa tukimpima akatuuliza: "Dada zangu, mume wangu anataka nijifungue kwa daktari bingwa, mama anasema niende kwa mkunga. Nyie mnaonaje?" Duka zima likaanza kusema kwa pamoja, kila mtu na kisa chake. Sisi ni mafundi wa nguo, si wauguzi, na hatukumpa jibu siku ile. Lakini swali lilitukaa kichwani, tukaanza kusoma. Kumbe limeulizwa zamani sana, na kuna wanawake waliolipa kwa roho zao kabla halijajibiwa.

Tuanzie nyumbani. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba wakunga wengi wa Unguja ya wakati wake walitoka Bara Hindi, na ndio waliopendelewa kuliko wa hapa. Kwa hiyo hata ndani ya majumba ya Sultani wanawake walikuwa wakichagua mikono ya kuwapokea. Na msemo wetu wa usitukane wakunga na uzazi ungalipo haukutungwa na watu wanaomdharau mkunga.

Katika vitabu vya Waislamu heshima hiyo ipo pia. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, ameutengea ukunga mlango wake pekee. Anasema ni kazi inayowaelekea wanawake kwa sababu ya stara, na anakiri kwamba kwa maradhi ya mtoto mchanga mkunga huwa mjuzi kuliko tabibu hodari. Kabla yake, huko Andalusia, tabibu al-Zahrawi wa Kordoba alichora vyombo vya kusaidia uzazi mgumu, na ndani ya kitabu chake akaweka mafunzo ya kumwelekeza mkunga afanye nini mtoto akija vibaya. Hilo lilitupendeza. Tabibu bingwa wa zama zake alikaa na kalamu akamwandikia mkunga, hakumfukuza chumbani.

Lakini mahali ambapo mkunga na daktari waliwekwa upande kwa upande, na tofauti yao ikaonekana kwa hesabu ya makaburi, ni mji wa Vienna, Austria, miaka ya 1840.

Hospitali kuu ya mji ule ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Kuanzia mwaka 1840 kliniki ya kwanza ilikuwa ya kufundishia madaktari, na ya pili ya kufundishia wakunga. Wanawake waliokwenda pale wengi wao walikuwa maskini, wakipata huduma bure na wanafunzi wakijifunza kwao. Hawakuwa na uchaguzi: kliniki zilipokezana siku za kupokea wazazi, na mtu aliingia ile iliyokuwa zamu siku uchungu ulipomshika.

Katika kliniki ya madaktari, kati ya mwaka 1841 na 1846, wastani wa karibu wanawake 10 katika kila 100 walikufa, wengi kwa homa ya uzazi, ile inayompata mzazi siku chache baada ya kujifungua. Katika kliniki ya wakunga walikufa kama 3 au 4. Nyumba moja, mji mmoja, chakula kile kile.

Na wanawake walijua. Hawakusoma takwimu, waliona jeneza. Walipiga magoti wakilia wasiingizwe kliniki ya kwanza. Wengine walijifungulia njiani wakielekea hospitali, na cha ajabu, hao wa njiani homa ile iliwapata mara chache kuliko waliolala kitandani mbele ya maprofesa. Wakubwa wa hospitali waliyasikia yote haya. Wakasema ni hewa mbaya. Wakasema ni hofu ya wanawake wenyewe. Tuliposoma hapo tulitazamana, maana nani kati yetu hajawahi kuambiwa maumivu yake ni woga tu?

Daktari kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, aliyefanya kazi kliniki ya kwanza, hakuridhika. Alijaribu kila kitu. Aliona wakunga wanawazalisha wanawake wakiwa wamelala ubavu, akaamuru kwake iwe hivyo, vifo havikupungua. Kasisi alipita na kengele wodini kila alipomwendea anayekata roho, ikasemekana mlio ule ndio unaowatisha wagonjwa. Akaomba kengele inyamazishwe. Bado walikufa.

Mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, Profesa Kolletschka, alikufa baada ya kukatwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Semmelweis aliposoma maelezo ya mwili wa rafiki yake aliona dalili zile zile za wazazi wake waliokufa. Hapo ndipo alipofahamu. Madaktari na wanafunzi wao walipasua maiti asubuhi, kisha wakaenda moja kwa moja kuwapima wanawake wenye uchungu. Wanafunzi wa ukunga hawakupasua maiti. Hiyo ndiyo tofauti iliyoua.

Mwezi wa Mei akaweka beseni la maji ya chokaa yenye klorini mlangoni, kila mtu anawe kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Kufika Juni walikuwa kama 2.

Fundi wa nguo hashiki satini nyeupe ya bi harusi kabla hajanawa, tunawafokea wanafunzi wetu kila siku kwa hilo. Lakini wengi wa madaktari wakubwa wa zama zile waliona ni matusi kuambiwa mikono ya muungwana ina uchafu. Semmelweis aliondoka Vienna mwaka 1850, na akafa mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili.

Msije mkadhani basi mkunga ndiye msafi siku zote. Huko Aberdeen, Scotland, nyuma zaidi, mwaka 1795, daktari Alexander Gordon aliandika majina ya wakunga waliokuwa wakiibeba homa hii kutoka nyumba hadi nyumba. Akaongeza, kwa uchungu, kwamba na yeye mwenyewe aliibeba. Walimchukia kwa ukweli wake.

Kwetu Unguja chama cha uzazi kilianzishwa mwaka 1918, na michango ya wafanyabiashara wa Kihindi ilikisaidia sana. Serikali ya Kiingereza ikavutana na chama hicho kwa miaka mingi juu ya nani awe na kauli. Wakubwa waligombania usimamizi. Sisi tungependa zaidi kujua mama mwenye uchungu aliulizwa nini. Miaka ilipita, na mwaka 1987 ulifanyika mkutano mkubwa wa uzazi salama Nairobi. Katika miaka iliyofuata mkazo ukahamia kwa mkunga aliyesomea, anayeijua hatari mapema na mwenye pa kumpeleka mgonjwa.

Hapo kwenye pa kumpeleka ndipo tuliponyamaza dukani. Mmoja wetu alijifungua shamba, mikononi mwa mkunga aliyewapokea shangazi zake wote. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likagoma, damu ikaanza kumwagika. Yule bibi hakuona haya. Alisema, "Mimi hapa ndio mwisho wangu, tafuteni gari." Gari lilichelewa. Mwenzetu alifikishwa hospitali hajitambui, akapasuliwa na kuongezwa damu na daktari mwanamume, na wanazuoni wetu wameliruhusu hilo panapokuwa na dharura na mwanamke mwenye ujuzi hayupo. Alhamdulillah, leo ndiye anayetukatia vitambaa. Anamwombea dua yule bibi na anamwombea daktari, na hajui amtangulize nani.

Basi bi harusi wetu aliporudi kujaribu dera tulimpa maswali badala ya jibu. Presha yako ikoje, na mtoto amekaaje? Anayekuzalisha amesomea wapi? Ananawa wapi, na glovu zipo? Damu ikizidi usiku wa manane, gari ni la nani na linakwenda wapi? Ukisema kuna kitu hakiko sawa, anakusikiliza au anakuambia unaogopa?

Alikwenda kwa mkunga wa kituo cha afya akamuuliza yote, mume wake kakaa pembeni anaandika. La glovu na la gari alijibiwa vizuri. La presha likawa na kasoro, imepanda, na mkunga mwenyewe akamwandikia barua aende kwa daktari wiki ile ile. Amekwenda. Watamwangalia wote wawili mpaka siku yake, inshaAllah. Dera lake tumeliacha na pindo pana kila upande, maana bado miezi miwili na nusu.