Kuonja kahawa ya Kivu: kwa nini vikombe vitano

Wapenzi wa wiski wanajua kukaa pamoja, chupa tatu ao nne mezani, na kubishana ipi iko na moshi na ipi iko na utamu. Kahawa ya Kivu inaonjwa vilevile. Ya Minova haifanane na ya Idjwi, na ya milima ya Rwenzori kule Beni iko na yake. Lakini Goma wengi wanakunywa chai ya maziwa, ao kahawa ya kopo iliyotoka mbali, na huku magunia ya kahawa ya Kivu yanaenda Ulaya na Marekani.

Kuonja si kazi ya wakubwa tu. Watu wanne, kahawa mbili ao tatu zilizokaangwa kiasi kimoja, zisagwe palepale. Gramu 11 kwa mililita 200 za maji, bila sukari, bila maziwa. Wataalamu wanataka maji ya karibu digrii 93. Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Ukiyatoa motoni na kuyaacha kidogo, yamefika. Mimina, ngoja dakika 4. Unga unapanda na kufanya ganda juu. Sogeza pua, vunja ganda kwa kijiko: harufu ile ya kwanza inasema mengi. Toa povu, acha ipoe, kisha vuta kwa kijiko na kelele, sawa mtu wa supu ya moto. Mbele ya wakwe ni aibu, hapa ndiyo sheria, juu kahawa inatawanyika kinywani mote na harufu inapanda puani.

Majina yaandikwe chini ya vikombe, waonjaji wasiyaone. Bila hivyo mtu wa Idjwi atasema kila mara ya Idjwi ndiyo tamu.

Arabika nzuri ya kandokando ya ziwa iko na ukali mwepesi wa ndimu na utamu unaobaki kinywani. Onja tena ikishapoa. Kahawa mbaya inajificha kwenye moto.

Sasa vikombe vitano. Wapimaji wa kazi wanatayarisha vikombe vitano vya kahawa moja, si kimoja, wanatafuta kama vyote vinafanana. Kwa Kivu, Rwanda na Burundi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ya ladha ya kiazi. Kikombe kimoja kinanuka ganda la kiazi kibichi, vinne viko safi. Haidhuru afya, lakini punje moja tu inaharibu kikombe kizima, na mnunuzi akiikuta anaweza kukataa mzigo. Ladha hiyo inahusishwa na mdudu anayeitwa antestia, anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Punje yenyewe mara nyingi haijulikane kwa macho. Dawa yake ni kazi ya mikono: kukata matawi, kutupa matunda yanayoelea majini, na wamama wanaochambua punje moja moja juu ya meza za kukaushia.

Kahawa inayofika alama 80 kwa 100 inahesabiwa ya hali ya juu, na bei yake inapanda. Kwa mkulima alama hizo si mchezo. Miaka mingi, watu wa Minova na Idjwi walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, juu upande huu hakukuwa mnunuzi wa maana. Wengi walizama ziwani, wakaacha wajane. Koperative ya SOPACDI ilianzishwa Minova mwaka 2003 kwa wakulima hao. Koperative kama hizo zilileta stesheni za kuosha, serizi zikapimwa na kulipwa karibu na shamba. Mashindano ya Saveur du Kivu nayo yalileta wanunuzi wa ng'ambo kuonja hukuhuku.

Januari 2025 vita viliingia Goma, banki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga. Mkulima mwenye serizi hawezi kungoja: zikichumwa asubuhi, zinapaswa kufika stesheni siku hiyohiyo, la sivyo zinaanza kuchacha ndani ya gunia. Na uchachu huo, hata mwonjaji wa mara ya kwanza anausikia.