Tairi la tope: kashata, mfereji na upepo

Masika yakishika, kati ya Machi na Mei, dereva wa lori wa Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, hupita barabara za aina mbili kwa siku moja. Kuna lami: kilomita 65 kutoka Korogwe mjini hadi Handeni, na kilomita 54 nyingine kutoka Handeni hadi Mkata. Kisha kuna njia za udongo za vijijini, ambazo tangu 2017 nyingi ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini: zile zinazopanda Usambara kuelekea Bungu na Dindira, na zile za tambarare kama za upande wa Kwamsisi. Mahindi, machungwa na mbao huanzia safari kwenye udongo na kuimalizia kwenye lami. Mwenye gari anayetafuta tairi la kuhimili njia hizo zote ndiye anayekutana dukani na alama M/T, iliyochapwa ubavuni mwa tairi.

Herufi hizo ni kifupi cha Kiingereza cha tairi lililokusudiwa ardhi yenye matope. Kwa Kiswahili linatosha kuitwa tairi la tope, wingi wake matairi ya tope. Jina hilo linaeleza mahali pa kazi. Kazi yenyewe inaelezwa vizuri zaidi na msamiati ambao madereva na mafundi wa matairi wanao tayari. Vipande vya mpira vinavyokanyaga ardhi wanaviita kashata, kwa kuwa vimesimama kama vipande vya kashata vilivyokatwa kwenye sinia. Zikilika, tairi ni kipara. Nafasi kati ya kashata na kashata tuiite mfereji.

Kashata za tairi la tope ni nene, chache na zimeachana. Tairi la lami lina mifereji myembamba, maana kazi yake ni kutoa maji tu huku mpira mwingi ukigusa barabara. Katika tairi la tope mifereji huweza kukaribia nusu ya uso wote, na ndiyo inayobeba siri ya tairi hili. Kashata inapozama huubana udongo ndani ya mfereji, na udongo ule uliobanwa huwa kitu cha kusukumia. Gurudumu likizunguka, tope hurushwa nje ili kashata irudi chini ikiwa safi. Mfereji usiotema tope hujaa, tairi zima likawa duara laini la udongo, na gari likabaki likizungusha magurudumu hapohapo. Ndiyo maana matairi mengi ya aina hii yana vinundu vidogo ndani ya mifereji, vya kusukuma nje mawe, na meno ubavuni kwa ajili ya kung'ata kingo za makorongo yaliyochimbwa na magari yaliyotangulia.

Lakini tope si moja. Kwenye miinuko ya Usambara udongo mwekundu ukilowa hutoa utelezi juu, huku chini kidogo ukiwa bado mgumu. Hapo tairi la tope linafanya kazi yake sawasawa: kashata hupenya ule ute na kukuta mahali pa kushika. Kwenye mabonde yenye udongo mweusi wa mfinyanzi mambo hubadilika. Udongo huo huvimba ukinywa maji, hunata, na hujaza hata mifereji mipana. Chini yake hakuna ugumu wa karibu, kwa hiyo dereva anayekanyaga mafuta kwa hasira anachimba shimo la kujizikia. Tairi lilelile lililomvusha mlimani linamzamisha bondeni, na mchangani pia.

Katika hali hiyo, kinachosaidia gari dogo, pikapu kwa mfano, ni kupunguza upepo. Tairi likilegea, alama yake ardhini hurefuka na uzito husambaa, ilimradi mwendo uwe wa polepole na upepo urudishwe kabla ya kufika lami. Lori lenye shehena halina nafasi hiyo. Upepo ndio unaobeba mzigo. Ukipungua, ubavu hupinda na kupata joto, na matairi pacha ya nyuma huanza kusuguana. Kwa Fuso au Canter inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, busara ni kuweka kashata kubwa nyuma, kwenye nguvu, na kuacha mbele tairi la mistari linalotii usukani. Lori tupu nalo hukwama upesi, kwa kuwa nyuma pamekosa uzito wa kuzikandamiza kashata.

Mnunuzi asome ubavu kwa makini. M+S si M/T. Alama hiyo ya tope na theluji huwekwa na mtengenezaji kwa kuangalia umbo la kashata, bila kulazimika kulijaribu tairi topeni, na hukutwa hata kwenye matairi ya kawaida kabisa. Katika saizi kama 7.50R16, 7.50 ni upana kwa inchi, R ni nyuzi za mpangilio wa radial, na 16 ni kipenyo cha rimu. Kuhusu tope saizi haisemi neno.

Gharama huonekana lami inapoanza. Mpira unaogusa barabara ni mchache, kwa hiyo kashata huvuma, hulika haraka na huongeza matumizi ya mafuta. Hatari zaidi ni mvua: kwenye lami iliyolowa tairi la tope kwa kawaida huhitaji umbali mrefu zaidi wa kusimama kuliko tairi la lami. Mwenye lori linaloshinda kati ya Korogwe na Segera, likiingia shambani wakati wa mavuno tu, anafaidika zaidi na tairi la njia zote, lenye alama A/T.

Kwa hiyo kamusi ya ufundi ingeweza kuandika hivi. Tairi la tope: tairi lenye kashata nene zilizoachana kwa mifereji mipana inayojisafisha, kwa ajili ya njia za udongo laini wenye ugumu chini yake; halifai mwendo wa kasi kwenye lami yenye maji. Sehemu hiyo ya mwisho isiachwe, kwa sababu muuzaji hataitaja.