Njia ya Bunkeya

Mtoto mmoja wa jamaa yetu alituuliza siku moja: «Kabla ya 1910, hapa kwetu kulikuwa na nini?» Alikuwa amejifunza kwamba mji wetu wa Lubumbashi, ulioitwa Élisabethville hadi 1966, ulianzishwa mwaka ule wa 1910, na reli ikafika mwaka huo huo. Alidhani kwamba kabla ya hapo palikuwa pori tupu. Hatukumjibu kwa maneno. Tulimpakia motokaa pamoja na wenzake wawili, tukashika njia ya Likasi.

Likasi ni mwendo wa kilometa 120 hivi. Njiani tuliwaonyesha watoto vile vichuguu vikubwa, vilivyo virefu kuliko mtu. Wakacheka, kwa maana vichuguu wanaviona kila siku. Lakini udongo wa vichuguu ndio waliojengea tanuru wafua shaba wa zamani. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, watu walipiga kambi karibu na mawe ya kijani yenye shaba, wakachoma makaa, wakavuta mivukuto mpaka mawe yakayeyuka. Shaba waliimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Msalaba huo haukuwa ule wa Bwana wetu. Ulikuwa mali ya kununulia vitu. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, watu walizikwa nayo karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Na bendera ya Katanga ya 1960 ilichorwa misalaba mitatu ya namna hiyo.

Tulipotoka Likasi tuliacha lami, tukaelekea kaskazini mpaka Bunkeya, penye uwanda wa Lufira. Tangu 2015 pako katika jimbo la Lualaba. Leo ni mahali padogo, na mgeni aweza kupita bila kuuliza neno. Lakini hapo palikuwa makao makuu ya Ngelengwa, mwana wa Kalasa, ambaye watu walimwita Msiri. Alikuwa Mnyamwezi, mtu wa nchi ambayo leo ni Tanzania. Walikuja kwa biashara ya shaba, naye akabaki, akawa mfalme wa Wayeke. Shaba, chumvi na pembe za ndovu zilitoka kwake kwenda pwani ya mashariki na pwani ya magharibi. Bunduki na nguo zilirudi. Tusiwafiche watoto: watumwa pia waliuzwa, na wengi waliumia chini ya mkono wake.

Mwaka 1891 ulifika msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold wa Pili. Msiri alikataa bendera yake. Tarehe 20 Desemba Kapteni Bodson alimpiga risasi akafa. Bodson naye akapigwa, akafa. Wengi wa wapagazi na askari wa msafara ule walitoka pande za Unguja. Basi Kiswahili kilikuwa midomoni mwa watu wa pande mbili: biashara ilikuwa imekwisha kukileta, na sasa kikaja pamoja na bunduki. Miaka mingi baadaye kambi za migodi zikakifanya lugha ya mji wetu.

Yule mtoto alinyamaza kitambo, kisha akauliza: «Basi, Msiri alikuwa mwema au mbaya?» Tulimwambia kwamba mzee anayesimulia sawasawa hasemi sifa tupu wala lawama tupu. Kila tarehe 20 Desemba Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka mfalme wao. Wengine, ambao babu zao waliuzwa, wana kumbukumbu nyingine. Zote mbili ni historia yetu.

Ndugu wasomaji, mji mkubwa una vitabu na majengo. Mji mdogo mara nyingi una wazee tu. Mzee akifa kabla hajaulizwa, ukurasa wake umechanika. Basi mkisafiri kwenda arusini au matangani, msipite mbio. Simameni, amkieni, ulizeni jina la mto na sababu ya jina hilo, kisha andikeni katika daftari. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumwambia mtoto kwamba palikuwa pori tupu.